Nani Kayaita Macho?

Mwezi wa saba nililipa hela ili nionyeshwe mji nilikozaliwa. Ilikuwa safari ya siku moja ya baiskeli: watu tisa, kiongozi mmoja, kofia ngumu za kukodi, chupa mbili za maji kwa kila mtu. Tuanzie Kirumba asubuhi, tupite mjini, tufuate barabara ya Musoma hadi makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, kisha turudi kabla ya magharibi. Aliyepaswa kwenda ni mwenzangu darasani, akapata dharura nyumbani, akaniuzia nafasi yake kwa nusu ya bei. Wengine walikuwa Waholanzi wawili wa makamo, Mjerumani kijana aliyekuwa akijitolea Geita, mke na mume kutoka Arusha, dada mmoja muuguzi wa Dar es Salaam, na marafiki wawili wa Nairobi ambao hawakuacha kutaniana tangu mwanzo hadi mwisho.

Nasoma falsafa, shahada ya uzamili, na watu wa falsafa tuna tabia ya kubeba maswali mahali ambapo wenzetu wanabeba ndizi. Swali nililobeba siku ile ni hili: kuna ubaya gani kuwatazama watu wakiishi? Nauliza kwa dhati. Mtalii wa baiskeli haibi. Hapigi mtu. Analipa, anasalimia, ananunua soda. Mama anayeanika dagaa hapungukiwi hata dagaa mmoja kwa kutazamwa. Ukimtaka mtu aeleze kosa liko wapi, ataanza kusema "lakini si vizuri", halafu atanyamaza. Hata hivyo karibu kila mtu ninayemjua, akitazamwa kwa namna fulani, anajua kwamba kuna kitu amefanyiwa.

Lugha yetu yenyewe inajua zaidi kuliko sisi. Kuona si kutazama, kutazama si kuangalia, na kuchungulia ni jambo jingine kabisa. Halafu kuna kushangaa, neno ambalo vijana wa mjini wamelipa kazi ya pili: mtu "anashangaa mjini" akiwa anazurura huku macho yakidaka kila kitu bila kununua chochote. Mtalii, kwa Kiswahili cha stendi, ni mtu aliyelipia kushangaa.

Soko la Mwaloni pale Kirumba huamka mapema. Tulipofika malori yalikuwa yakipakia magunia ya dagaa, mengine ya kwenda mbali hadi Kongo, na wabebaji walikuwa wakikimbia na mizigo kichwani wakipiga kelele za kutaka njia. Kiongozi wetu, kijana wa rika langu, alitupanga pembeni na baiskeli zetu kama wanafunzi wa shule ya msingi, akaanza kueleza: huyu ni sangara, huyu sato, hawa ni furu, ambao zamani walikuwa wa aina mamia na sasa wengi wametoweka baada ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950. Alieleza vizuri. Nimekula samaki hao maisha yangu yote na baadhi ya mambo hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Mama mmoja alituita. "Karibuni, karibuni, dagaa wa Ukerewe hawa, hawana mchanga!" Tukasogea. Dada muuguzi akamsalimia kwa shikamoo, nami nikajaribu "mwangaluka mayu", akacheka na kuitikia. Mholanzi mmoja akainua simu. Mama akavuta khanga ikafunika nusu ya uso, akasema kwa sauti ileile ya biashara, bila hasira: "Piga dagaa. Mimi niache."

Mholanzi hakujua Kiswahili lakini alielewa, akashusha simu, akapiga dagaa.

Nilitembea na sentensi ile siku nzima. Yule mama hakuwa akiyakimbia macho. Kazi yake yote ni kuyaita macho, na alikuwa ametoka kuyaita muda huohuo kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi. Ila aliyaita yaje mahali fulani, kwenye dagaa. Macho ya mgeni yakafika, yakapita juu ya dagaa, yakaenda kutua pasipoitwa. Kama kosa lipo, nilifikiri, halipo katika kutazama. Lipo katika kuhama kutoka ulipoitwa.

Jean-Paul Sartre, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1943, ana mfano wa mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kisha ghafla anasikia hatua za miguu nyuma yake. Mpaka hapo alikuwa macho tu. Sasa anajiona kuwa kitu, kitu kinachotazamwa na mwingine. Darasani huwa tunaupenda sana mfano huu. Ila Mwaloni nilihisi kwamba Sartre hakuwahi kuuza dagaa. Kwake kutazamwa ni kama kuvamiwa, na watu wawili wakikutana lazima mmoja awe macho na mwingine kitu. Yule mama hakuwa na shida hiyo. Alijua namna ya kutazamwa na kubaki mwenye meza. Alichokataa ni sura yake kwenda kukaa ndani ya simu, kwenye nyumba asiyoijua, ikielezwa na watu asioweza kuwajibu.

Mwanza tuna historia ya jambo hili. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mwongozaji wa filamu kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu iliyopigwa hapahapa kwetu, juu ya sangara, ndege za mizigo na umaskini. Ilishinda tuzo na kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, na mabishano makubwa yakawa juu ya mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa: nani anayala, na kwa nini. Nilikuwa mtoto mdogo. Nimeitazama nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kwenye kompyuta ya mwenzangu, na niliona aibu ambayo sikujua ni ya nani. Mitaa niliijua. Niliwatambua watu wa aina ile. Sikuweza kusema "huu ni uongo", na sikuweza kusema "hawa ndio sisi".

Hapa hoja yangu ya mwaliko inapata tabu, na sitaki kuipitisha kwa mlango wa nyuma. Tukisema macho yaende pale tu yalipoitwa, nani atauona uovu? Mwenye kiwanda kinachomwaga uchafu ziwani hamwiti mtu aje kuangalia. Mume anayempiga mkewe hufunga dirisha. Yapo macho yasiyoitwa ambayo tunayahitaji, na nchi yenye macho ya kuitwa tu ni nchi ya maonyesho ya Saba Saba. Kwa hiyo mwaliko peke yake hautoshi kutenganisha tazamo jema na baya.

Tofauti ninayoiona ni kwamba aliyetazama bila kuitwa ana deni la kujibu. Mwandishi wa habari anaandika jina lake chini ya alichokiona. Unaweza kumpinga, kumshtaki, kumwambia umedanganya kuhusu mapanki. Sauper alipingwa na rais wa nchi, na akalazimika kusimama na filamu yake. Mtalii je? Mtalii hasemi kitu. Anaona, anaondoka, na alichokiona kinaendelea kuishi kwenye maongezi ya chakula cha jioni mahali ambapo hakuna mtu wa Kirumba. Ndiyo maana namwogopa kidogo zaidi ya mtengeneza filamu, ingawa ni mpole zaidi.

Kati ya mtazamaji na mtazamwa husimama kiongozi. Kwenye vitabu vya shule tulifundishwa kwamba Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Waliokuwa wakivua humo walikuwa na majina yao: Nyanza kwa Wasukuma, Nam Lolwe kwa Wajaluo, Nalubaale kwa Waganda. Aliyekuwa pamoja na Speke ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa huru, akawa mkalimani na kiongozi wa misafara. Bombay naye aliliona ziwa siku zile. Hakuna aliyemwuliza aliliona kama nini. Kiongozi ndiye anayekuazima macho yake, na halafu macho yanaandikwa kwa jina la aliyeazima. Nilimtazama kijana wetu akifuta jasho kwa mkono wa fulana, nikajiuliza kwa miaka yote aliyopitisha wageni hapa amewahi kuulizwa nini na wageni zaidi ya umbali uliobaki.

Basi tukapanda baiskeli. Kutoka mjini tulipita Mabatini, tukaingia Nyakato, jua limeshaanza kuuma. Sehemu hii haina mengi. Magari yanakupita karibu, vumbi linakaa mdomoni, na ukiwa na gia ishirini na moja unagundua kwamba mwili una gia moja tu. Kitu kimoja nitakisema. Kwenye mwinuko mmoja tulipitwa na mzee aliyekuwa akiendesha Phoenix ya chuma yenye magunia mawili ya mkaa. Alitupita, sisi tisa, akageuka kututazama mmoja mmoja, akauliza: "Mnaenda wapi?" Kiongozi akajibu, "Tunatembea tu, mzee." Mzee akafikiri. "Na baiskeli?" Wale wa Nairobi walicheka mpaka wakashuka. Mzee aliendelea kupanda kilima, na nina hakika jioni ile nyumbani kwake sisi ndio tulikuwa maongezi ya chakula. Sijui alitueleza namna gani. Na hatukuwepo kumjibu.

Igoma haikuwa kwenye ratiba kama kituo. Tungepita tu. Ila Mjerumani aliona makaburi, mengi, yamepangwa, na mnara, akauliza ni ya nini. Kiongozi akasimamisha msafara kando ya barabara.

Hapo wamezikwa watu wa MV Bukoba. Meli ilitoka Bukoba, ikapita Kemondo, ikazama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Wengi hawakutambuliwa, wakazikwa hapa pamoja.

Na mmoja wao, labda, ni baba yangu mkubwa. Alikuwa fundi seremala, alikwenda Bukoba kwa kazi ya miezi mitatu, na alikuwa akirudi. Mwili wake haukupatikana kwa jina. Bibi yangu aliamua kwamba yuko Igoma, kwa sababu mtu lazima awe mahali, na kila mwaka mwezi wa tano huenda. Mimi nilizaliwa baada ya meli. Nyumbani kwetu habari hii haisimuliwi. Inajulikana, kama unavyojua ngazi ipi imevunjika, ukaikwepa bila kuitazama.

Sikumwambia mtu yeyote katika kundi. Nilisimama na baiskeli yangu, nikasikiliza huzuni ya nyumbani kwetu ikielezwa kwa Kiingereza na kijana wa rika langu kwa muda wa dakika kama sita. Alieleza jinsi meli ilivyoinama, jinsi waokoaji walivyotoboa tumbo la meli iliyopinduka na hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, ikazama na waliokuwa bado hai ndani. Hakupandisha sauti kupita kiasi. Hakutania. Mama wa Kiholanzi alivua kofia. Mke wa yule bwana wa Arusha alijipiga msalaba.

Nilitegemea kukasirika. Nilikuwa na hasira tayari mkononi, kwa kuwa hawa hawakuitwa, na wafu hawawezi kusema "piga dagaa, mimi niache". Kwa hoja yangu ya asubuhi, hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Badala yake nilitaka aendelee. Nilikuwa najifunza. Habari ya hewa kutoka nilikuwa nimeisoma, lakini sijawahi kusimuliwa na mdomo wa mtu, kwa sababu midomo iliyopaswa kunisimulia imefungwa tangu 1996. Kijana asiyenijua alinipa kitu ambacho nyumbani hawakuweza kunipa, na alinipa kwa kuwa alidhani mimi ni mgeni.

Basi huzuni ni ya nani? Jibu la haraka ni kwamba ni ya waliofiwa, na wengine wapite kimya. Lakini waliofiwa wakinyamaza, na wapita njia wakinyamaza kwa heshima, wafu wale mia nane watabaki na mnara na nyasi. Serikali huwakumbuka kwa hotuba ya mwaka. Inawezekana kabisa kwamba watu waliosimuliwa zaidi habari za baba yangu mkubwa, bila jina lake, ni watalii wa baiskeli. Sijui nilifurahie hilo au nilichukie. Najua tu kwamba Mjerumani alipouliza kama anaweza kupiga picha, kiongozi alisema, "Tusipige hapa," na akapanda baiskeli bila kueleza sababu. Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa ametusimulia wafu wale na bado akawalinda, na hakuna mwongozo wa kampuni unaoweza kumfundisha mtu kufanya yote mawili kwa pumzi moja.

Bujora iko kama kilomita 20 kutoka mjini, karibu na Kisesa. Makumbusho yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la White Fathers, aliyewapenda Wasukuma kwa namna ambayo ilimfanya ajenge jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Tulikula wali na maharage chini ya mti, tukaona ngoma za watemi, halafu wakaja wachezaji.

Hapa nilipata jambo ambalo Sartre hakunipa. Ngoma za Kisukuma zina makundi mawili ya jadi, Bagika na Bagalu, yaliyotokana na mahasimu wawili. Wanaposhindana, baada ya mavuno au kwenye sikukuu ya Bulabo hapohapo Bujora, hawachezi kwa zamu. Wanacheza wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Watu wakihama upande huu kwenda ule, umeshindwa, na wote wameona. Ndiyo sababu kuna nyoka, kuna vinyago, kuna vituko, na kuna dawa ambazo wachezaji huzitumia ili watu wavutike kwao. Sanaa nzima imejengwa juu ya wazo kwamba kutazamwa ni kitu unachokishinda. Jicho la mtazamaji ni mali, na mchezaji ndiye mwindaji. Nani kitu hapo, na nani macho? Umati ndio unaohamishwahamishwa kama mbuzi.

Msomaji atasema: lakini wale waliotuchezea walilipwa, tena kidogo, na mtu mwenye njaa hucheza hata asipotaka. Ni kweli, na sina jibu zuri. Watoto wa njiani waliokuwa wakitupigia kelele "picha! picha!" nao walikuwa wakiyaita macho, na sidhani kama mwito wa mtoto asiye na viatu una uzito sawa na mwito wa mchezaji wa Bagalu. Mwito unaweza kununuliwa. Unaweza hata kufundishwa.

Walicheza bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo asili yake ni kazi ya kulima pamoja. Katikati ya ngoma wakatoka kutuvuta tuingie, na kila mmoja wetu akapewa jembe. Kila Mswahili aliyekuwepo alicheka kwa wakati mmoja, na Waholanzi wakauliza tunacheka nini. Dada muuguzi akawatafsiria: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakapenda. Ila nilijikuta nikifikiri kwamba methali ile inasema jambo zito kuliko utani wake. Mwenyeji anakubali kutazamwa kwa siku mbili kwa sababu siku ya tatu inakuja. Siku ya tatu mgeni atashika mpini, ataonekana anavyolima vibaya, naye atachekwa. Deni la macho hulipwa shambani. Safari ya siku moja imekata siku ya tatu kabisa, na ndipo faida yake ilipo: unauziwa ugeni usio na jembe. Majembe yetu ya Bujora yalikuwa mepesi, na tuliyarudisha baada ya dakika kumi.

Tulirudi jioni miguu ikitetemeka. Sikuwaaga vizuri, nilikuwa nawahi daladala ya Buswelu, kwa bibi.

Nilimkuta amekaa barazani na ungo. Nilimpa shikamoo, nikakaa, na baada ya muda nikamwambia tulisimama Igoma, mimi na wazungu na baiskeli. Nilisubiri anyamaze, kama kawaida ya nyumba yetu.

"Mliwasalimia?" akauliza.

Nikasema mama mmoja wa Kizungu alivua kofia.

"Huyo amewasalimia." Akapepeta kidogo. "Na huyo kijana wenu, anamjua baba yako mkubwa alikuwa na sura gani?"

"Hapana, bibi. Atamjuaje?"

"Basi mwambie siku nyingine awapitishe hapa, niwaonyeshe picha yake. Iko ndani, imeanza kuliwa na mende pembeni lakini uso upo." Alinyanyua macho akanitazama mimi, miguu yangu yenye vumbi, kofia ngumu niliyosahau kuirudisha. "Ila wasije na haraka. Nina magunia matatu ya mahindi hayajapukuchuliwa."